Maswali yenu wiki hii: gari la leza, droni, na wale wa kioo cha bafuni

Wiki hii meseji karibu zote ni za silaha za leza za kufunga kwenye magari, nadhani kuna klipu imezunguka kwenye magrupu. Sawa, nimechagua chache. Wale mlionitumia voisi noti ya dakika sita sijazisikiliza na sitazisikiliza.

Mdau wa Mbagala Rangi Tatu anauliza: "Kaka, nimesikia leza shoti moja ni hela ya vocha tu. Sasa kwa nini majeshi bado yananunua makombora ya mamilioni ya dola?"

Mkuu, hesabu uliyoisikia ni ya kweli, ila ni nusu. Waingereza wanasema leza yao ya DragonFire inatumia chini ya pauni 10 kwa shoti, yani elfu thelathini na kitu za kwetu. Kombora moja la kisasa la Patriot, lile la Wamarekani la kutungua vitu angani, linafika kama dola milioni 4, na mara nyingine linarushwa kumpiga droni wa Shahed wa Kiirani ambaye bei yake ni makumi elfu ya dola tu. Hapo ndo unaelewa kwa nini majenerali wanaitolea macho leza. Ukiendelea kuua mbu kwa nyundo ya dhahabu, dhahabu inaisha na mbu bado wapo.

Lakini hiyo elfu thelathini ni umeme, bana. Ni sawa na mwenye bajaji akwambie safari ya Mbagala mpaka Posta ni lita mbili za petroli basi, halafu bajaji yenyewe, tairi, sevisi na rejesho la kila siku kwa bosi akaviacha nje ya hesabu. Wamarekani walifunga leza kwenye ndege ya Boeing 747, ikaitwa YAL-1, mwaka 2010 ikatungua kombora la majaribio kweli kabisa, watu wakapiga makofi, na mwaka uliofuata mradi ukafutwa baada ya kumeza zaidi ya dola bilioni 5. Shoti ilikuwa rahisi, chombo ndo kilikuwa ghali.

Na kuna kitu wengi hamkielewi kabisa na nitakirudia mpaka mchoke. Leza sio radi. Leza ni fundi wa kuchomelea. Fundi gani umemuona anagusa chuma mara moja kikakatika? Lazima akae palepale, na leza nayo lazima ishike sehemu ileile ya droni, ukubwa wa sarafu au sahani, kwa sekunde kadhaa huku droni anakimbia na gari linatikisika, mpaka bawa likatike au betri ishike moto. Wakija droni ishirini kwa pamoja kutoka pande tofauti, fundi wako mmoja anaanza na nani? Ndo maana makombora na mizinga bado vipo na vitaendelea kuwepo, leza inakaa pembeni yao kama msaidizi wa kumaliza vile vidogo vya bei chee.

Binti wa chuo, Changanyikeni: "Mwale wake ni wa kijani au mwekundu?"

Hauonekani, na haulii piu piu. Nyingi ya hizi leza zinatoa mwanga ulio nje ya uwezo wa jicho, wewe utaona tu droni anaanza kutoa moshi halafu anadondoka.

"Nikimfunika droni kwa kioo si mwale unarudi kumchoma aliyeutuma?" (Kinondoni, Ubungo, Temeke, na mwingine hakusema anakaa wapi)

Hili swali nimeshalijibu hapahapa, sasa naombeni mlisome leo mlimalize.

Kioo cha bafuni hakirudishi mwanga wote. Tuseme kinarudisha asilimia 90, umebaki na 10. Asilimia 10 ya leza ya kilowati 50 ni kilowati 5, na hizo ni kama pasi tano za umeme zimekandamizwa kwenye sehemu ya ukubwa wa sahani. Kioo kinapata joto, kinapasuka, kinakuwa cheusi, na kikishakuwa cheusi kinakunywa mwanga wote. Hapo bado hujahesabu vumbi, mafuta ya vidole, na uzito wa kioo kwenye kitu ambacho shida yake kubwa ni uzito. Halafu droni ana kamera, kamera unaifunikaje na kioo? Ukiifunika haoni, usipoifunika leza inaanza na hiyohiyo. Kinachosaidia kidogo ni kitu kinachozunguka, kama roketi, maana joto linatawanyika halikai sehemu moja. Hilo hakuna hata mmoja aliyeliuliza.

Fundi mwenzangu wa Tandika: "Hivi ndani ya gari la leza kuna nini hasa? Mbona linakuwa kubwa hivyo na mwale wenyewe ni mwembamba?"

Sasa hili ndo swali, na wewe fundi utanielewa haraka.

Nimefanya kazi miaka kadhaa kwenye karakana moja huku maeneo ya Barabara ya Nyerere, tuna mashine ya leza ya kukata bati na plate, ya kilowati 3. Leza za kijeshi za leo nyingi ni ndugu wa hiyohiyo, mwanga unatengenezwa ndani ya nyaya nyembamba za kioo halafu nyaya nyingi zinaunganishwa ziwe mwale mmoja. Sasa mtu akiingia karakana anashangaa kichwa cha kukatia, kidogo kama chupa ya soda, lakini nyuma ya ukuta kuna chila, yani mashine ya kupoozea, kubwa kuliko friji ya bucha inanguruma siku nzima. Chila ikigoma, mashine inajizima yenyewe, hakuna mjadala. Joto ndo bosi.

Pandisha hiyo sasa iwe kilowati 50 uiweke juu ya gari. Jeshi la Marekani lilifanya hivyo, likafunga leza ya kilowati 50 juu ya deraya za Stryker za matairi manane, kazi yake kutungua droni, maroketi na mabomu ya mota (mortar). Ukitaka kilowati 50 zitoke mbele, umeme unaoingia ni kama mara tatu yake, na iliyobaki yote, tuseme kilowati 90 mpaka 100, ni joto linalobaki ndani ya gari na linatakiwa litoke. Kwa hiyo ndani kuna betri, jenereta ya dizeli ya kuzijaza, mapampu, maji ya kupoozea, rada, kamera, na ile darubini ya kuelekeza mwale. Unapiga, unapiga, halafu unasubiri betri zijae na joto lishuke. Wanaosema leza ina risasi zisizoisha wanasahau kwamba dizeli inaisha.

Mapema 2024 zile Stryker nne zilipelekwa Mashariki ya Kati zikajaribiwe kwenye mazingira halisi, na Doug Bush, ambaye wakati huo ndo alikuwa anasimamia manunuzi ya jeshi lao la nchi kavu, akakiri mbele ya maseneta kwamba kwa nguvu hiyo, kuiingiza leza kwenye gari linalohangaika barabarani kila siku ni kazi ngumu: joto, wingi wa vifaa vya umeme, na mtikisiko unaochakaza. Mimi nilipoyasoma hayo nilicheka peke yangu, maana ni malalamiko yaleyale ya karakana yetu, tena mashine yetu imesimama sehemu moja juu ya zege.

Na vumbi. Kuna dogo mmoja pale kazini alifuta kioo cha kinga cha kichwa kwa fulana yake, akaona kimeng'aa, akawasha. Kioo kikaungua palepale, doa moja tu la jasho na vumbi lilitosha. Hiyo ni kilowati 3 ndani ya banda. Wewe peleka lenzi ya kilowati 50 jangwani ufuatane na msafara wa magari uone.

Hali ya hewa nayo. Mvua, ukungu, vumbi, moshi, ile chumvi inayoelea hewani ukiwa karibu na bahari, vyote vinautawanya mwale njiani. Mwale wenyewe ukiwa mkali sana unapasha hewa joto, na hewa yenye joto inaupindapinda kama unavyoona lami ya Kibaha inavyochezacheza saa saba mchana. Silaha hii inafanya vizuri kwa kilomita chache kwenye anga safi. Masika ya Dar, mwezi wa nne, mvua imekamata kuanzia Kunduchi mpaka Kongowe, gari la leza ni gari la kubebea chila.

"Inaweza kuchoma kifaru?"

Hapana. Kamera na vioo vyake inaweza kuviharibu, ila lile chuma lenyewe hapana.

Mwanafunzi wa fomu six: "Kuna nchi imeshaitumia vitani kweli au ni maonyesho tu?"

Ipo. Israeli ilitangaza Mei 2025 kwamba leza zake za nguvu ndogo zilitungua droni kadhaa kwenye vita iliyokuwa inaendelea, na ile kubwa, Iron Beam, ya kama kilowati 100, ikakabidhiwa jeshini mwishoni mwa 2025. Korea Kusini nao walianza kuziweka za kwao 2024. Wachina walipitisha za kwao kwenye gwaride la Beijing Septemba 2025, lakini gwaride ni gwaride, hata harusi ya Sinza magari yote yanang'aa.

Ila usidhani ni kitu cha juzi. Leza ya kwanza duniani iliwashwa na Theodore Maiman mwaka 1960, na mwaka 2000 Wamarekani na Waisraeli walishatungua roketi za Katyusha kule White Sands, Marekani, kwa leza ya kemikali, yani inayopata nguvu kwenye kemikali badala ya umeme. Ilikuwa kama kiwanda kizima, na kemikali zake hutaki ziwe jirani na wewe, ndo maana ikaishia huko. Kilichobadilika sasa hivi ni hizi nyaya za kioo za viwandani zilizoshuka bei, na droni waliojaa kila mahali.

Mzee mstaafu wa Kigamboni: "Zamani tulisikia Warusi wana kifaru cha leza cha kupofusha. Ilikuwa kweli?"

Shikamoo mzee wangu. Kweli kabisa. Kilikuwa cha miaka ya mwisho ya Usovieti, kinaitwa 1K17 Szhatie, mwili wake wa mzinga wa kujiendesha wenyewe lakini badala ya mtutu kina macho ya vioo mengi kama bodi la taa za jukwaani. Kazi yake ilikuwa kuharibu darubini na kamera za adui. Hakikuendelea, leo kipo makumbusho karibu na Moscow.

Kupofusha watu ni jambo lingine mzee, na hapo naomba wote msikilize. Oktoba 1995 kule Vienna ilipitishwa itifaki inayokataza silaha za leza zilizotengenezwa makusudi kumpofusha binadamu moja kwa moja, ikaanza kazi Julai 1998. Silaha ikapigwa marufuku kabla haijazagaa vitani, hiyo hutokea mara chache. Kuchoma droni kunaruhusiwa, kuharibu kamera kunaruhusiwa, jicho la mtu hapana.

Sasa nyie mnaonunulia watoto vile vitochi vya leza vya kijani Kariakoo, buku tano buku kumi, kimeandikwa namba za uongo pembeni, mnajua mnawapa nini? Jicho linaungua na haliumi, mtoto halii hata kidogo, utagundua akiwa hasomi ubaoni. Na wale wanaomulika wachezaji uwanjani: Machi 2022 Mohamed Salah alimulikwa uso mzima wa kijani akienda kupiga penati kule Senegal, FIFA ikalipiga shirikisho la soka la Senegal faini ya faranga za Uswisi 175,000 kwa vurugu za mechi ile, leza zikiwemo. Na watu wa Kipawa na Vingunguti mnaoona ndege zikishuka juu ya mabati yenu usiku, atakayemulika ndege naomba majirani wamkamate, maana rubani anayeshuka akipoteza macho kwa sekunde tano hao abiria wanatua kwako.

Mama wa Gongo la Mboto: "Kama gari halina mabomu ndani, basi hata ghala lake halilipuki?"

Mama, nakuelewa unakotokea na swali hili. Sisi wa usiku ule wa Februari 2011, ghala la mabomu la jeshi lilipolipuka hapo Gongo la Mboto, hatuhitaji kuelezwa. Ndiyo, gari la leza halibebi baruti, na hiyo ni faida ya kweli ambayo wauzaji hawaisemi vya kutosha. Ila lina betri kubwa, na betri za lithiamu zikishika moto kuzizima ni shughuli. Ni moto wa gari lakini, sio wa mtaa.

"Tanzania tutanunua lini?"

Mambo ya jeshi waulizeni wenyewe. Hapa tunajibu mambo ya mashine.

Kijana wa Manzese: "Nina leza ya wati 10 ya kuchonga mbao, nataka niifunge kwenye bajaji nijaribu kutungua droni wa jirani anayetupiga picha uani."

Acha. Wati 10 haimdondoshi huyo droni, lakini ikigonga bati au kioo cha gari ikarudi, inatosha kukuharibia jicho wewe, abiria wako na muuza mihogo aliyekaa pembeni. Hiyo mashine inatumika ndani ya boksi lake, na miwani yake, ya rangi inayoendana na leza yenyewe, sio miwani ya jua ya Karume. Droni wa jirani mpelekee mjumbe, na uani anika shuka.