Shemeji nyama tupu, binti majani tupu: nipike sufuria ngapi?

SWALI: Shangazi wa lishe, salamu kutoka Nyalenda, Kisumu. Shemeji yangu amehamia kwetu kutafuta kazi, na tangu aje hagusi ugali. Anasema wazee wetu waliishi kwa nyama, damu na maziwa, ndiyo maana hawakujua sukari wala presha. Asubuhi mayai manne na nyama ya kukaanga, jioni nyama tena. Usiku kidole gumba cha mguu kinamuuma hata shuka haligusi, naye anadai ni sumu ya ugali inatoka. Binti yangu aliye chuoni Maseno ameacha nyama, samaki, mayai, hata chai ya maziwa. Kwake mwili wa binadamu uliumbiwa mimea. Wakikutana mezani ni vita. Sasa kitindamimba wangu wa gredi ya tatu anakataa omena (dagaa) kwa kumuiga dadake. Nani ana haki, na mimi nipike sufuria ngapi? — Mama wa Nyalenda

JIBU: Mama, pole na bei ya gesi. Nianze na hicho kidole, maana hakiwezi kungoja ubishi uishe. Kidole gumba cha mguu kikivimba na kuuma usiku, kwa mwanamume anayekula nyama kutwa mara mbili, mtu wa kwanza kushukiwa ni jongo (gout). Nyama ikivunjwavunjwa mwilini hubaki asidi ya yuriki, na ikizidi kwenye damu hugeuka chembe zenye ncha kali ndani ya kiungo. Maini na figo ndizo mbaya zaidi, na bia huongeza moto. Ugali hauna kesi hapo. Aende akapimwe asidi hiyo pamoja na figo wiki hii. Akikataa, mwambie nimesema mimi, anitukane mimi.

Tuje kwa mababu. Hata sisi wa ziwa hili tuna haki ya kuwataja kuliko wengi. Ng'ambo ya ghuba, huko Nyayanga, Homa Bay, watafiti walitangaza mwaka 2023 zana za mawe zenye umri wa miaka milioni 2.6 au zaidi, pamoja na mifupa ya kiboko yenye alama za kukatwa. Shemeji atafurahi. Lakini mawe hayohayo yana mikwaruzo ya kupondea na kukwangulia mimea. Na moto wa kupikia ulikuwa bado, kwa hiyo kiboko huyo aliliwa mbichi; sijui kama shemeji yuko tayari kwenda mpaka huko. Tena meno yaliyopatikana pale ni ya Paranthropus, ambaye ni ndugu wa pembeni katika ukoo, si babu yetu.

Ukitaka mababu wa karibu, panda hadi Kakapel, Busia, chini ya Mlima Elgon. Ndani ya pango lile zimepatikana mbegu za kunde zilizoungua, za miaka 2,300 iliyopita, na mtama na wimbi vya baadaye. Mahindi ni mgeni. Yalitoka Amerika, Wareno wakayaleta pwani, na huku kwetu yakawa chakula kikuu karne iliyopita tu. Mbegu chotara ya Kitale ilitolewa mwaka 1964. Kwa hiyo shemeji akisema sima nyeupe si chakula cha wazee, amepatia. Ila babu yake alipoikosa hakwenda kuchoma mbavu za ng'ombe kila jioni. Alikula kuon (ugali) ya mtama, mboga ya dek, samaki, na nyama siku ng'ombe alipochinjwa.

Hiyo damu na maziwa ni hadithi ya Wamasai. Daktari Mmarekani George Mann aliwachunguza miaka ya 1960 na kukuta mafuta ya damu yao yako chini licha ya maziwa yote yale. Mwaka 1972 akaeleza kwamba waliopasuliwa baada ya kufa walikuwa na mafuta kwenye kuta za mishipa, ila mishipa yenyewe ilikuwa mipana. Yeye aliona ni kazi ya kutembea. Shemeji wako, najua bila kuuliza, huenda sokoni Kibuye kwa bodaboda.

Binti ana hoja nzito zaidi. Wasabato, ambao huku kwetu wako Gendia tangu 1906, wamefuatiliwa huko Marekani na Kanada, watu zaidi ya 70,000, na ripoti ya mwaka 2013 ilionyesha wasiokula nyama walikufa wachache kuliko wenzao katika muda huo. Sawa. Lakini wengi wao walikula mayai na maziwa, na yeye ameacha hata hayo. Vitamini B12 haimo kwenye mmea wowote wa kutegemewa, si osuga (managu), si apoth (mrenda), si parachichi. Ini huhifadhi akiba ya miaka, kwa hiyo atajiona mzima kwa muda mrefu, kisha ganzi ianze miguuni. Anunue vidonge kwenye duka la dawa, na asione aibu. Madini ya chuma ya mboga nayo huingia mwilini kwa shida: akamulie limau kwenye maharagwe, na chai yake ya rangi ainywe saa nzima baada ya chakula. Msichana anayepata hedhi asipuuze hilo.

Huyo wa gredi ya tatu simwachii nafasi. Huko Embu, kuanzia 1998, watoto wa shule walipewa githeri, wengine yenye nyama, wengine na maziwa, wengine yenye mafuta ya ziada. Wa githeri yenye nyama walipiga hatua zaidi kwenye mtihani wa kufikiri, na uwanjani ndio waliokuwa wachangamfu zaidi. Mtu mzima ana hiari ya kujinyima. Mtoto bado anajenga ubongo. Omena humezwa na mifupa yake, kalsiamu na B12 pamoja. Kama ladha ndiyo shida, ikaange kavu hadi ivunjike, uisage, umnyunyizie kwenye mboga.

Pika sufuria mbili na kikaango kimoja. Ugali wa wimbi na mtama wenye muhogo kidogo. Osuga na dek, uziunge kwa karanga ya kusaga badala ya maziwa, binti ale bila kuuliza. Omena kwenye kikaango, yako na ya mtoto. Shemeji akae mbali nayo hadi majibu ya damu yatoke, kwani nayo huongeza asidi ileile. Mayai hayana shida na jongo, wala maziwa lala, aendelee nayo. Ila mayai manne kila asubuhi, ayanunue mwenyewe.