Maswali ya wasomaji: Idara imeninyima leseni ya bima, nichague kikao kipi?

SWALI: Niliomba leseni ya wakala wa bima ya maisha na afya hapa Florida. Mtihani nilifaulu na alama za vidole nilitoa. Sasa nimepata barua ya kunyimwa: wanadai nilitoa taarifa za uongo nilipojibu "hapana" kwenye swali la makosa ya jinai. Mwaka 2006 nilishtakiwa kwa kutoa hundi isiyo na fedha benki. Wakili alinishauri nisipinge shtaka, jaji akasitisha kutamka hatia, nikatumikia kifungo cha nje cha mwaka 1. Wakili aliniambia sijawahi kutiwa hatiani, nami niliamini hivyo. Barua imekuja na fomu ya kuchagua namna ya kusikilizwa. Nichague ipi?
*Msomaji, Jacksonville*

JIBU: Kabla ya fomu, tazama kalenda. Florida hukupa siku 21 za kuomba kusikilizwa, zinazohesabiwa tangu ulipopokea barua. Ombi lako linatakiwa liwe limemfikia karani wa Idara ya Huduma za Fedha, ndiyo iliyokunyima leseni, ndani ya siku hizo. Kulitia posta siku ya 21 hakukusaidii, na likiingia baada ya saa 11 jioni huhesabiwa la siku ya kazi inayofuata. Tunza bahasha, andika tarehe uliyoipokea, na tuma kwa njia itakayokuachia uthibitisho wa kupokelewa. Kama unahitaji muda wa kutafuta wakili, unaweza kuomba uongezewe ukiwa na sababu ya maana, ilmradi maombi hayo yaingie kabla muda haujakwisha. Ukichelewa, umeipoteza haki ya kusikilizwa, hata kama hoja zako ni nzuri kiasi gani.

Sasa fomu. Kuna kikao rasmi chini ya kifungu 120.57(1) cha sheria za Florida, mbele ya jaji wa utawala wa DOAH (Division of Administrative Hearings), chombo cha jimbo cha kusikiliza mashauri kisicho chini ya Idara iliyokunyima. Na kuna kikao kisicho rasmi chini ya 120.57(2), mbele ya afisa msikilizaji wa Idara yenyewe. Tofauti yao ni moja: je, unabishania ukweli wa mambo yaliyotokea? Kama unakubali yote yaliyoandikwa na unataka tu kueleza kwa nini sheria isitumike dhidi yako, au kwa nini uhurumiwe, kinachokufaa ni kikao kisicho rasmi. Kama kuna jambo la kweli mnalobishania, omba kikao rasmi.

Wengi hukimbilia kikao rasmi kwa kuwa jina lake linatia moyo, halafu wanaandika kwenye ombi kwamba kesi ilikuwepo na jibu lilikuwa "hapana". Hapo wakili wa Idara humwomba jaji alirudishe shauri kwa Idara kwa kuwa hakuna ukweli unaobishaniwa, na jaji hulirudisha. Miezi imepita bure.

Kwako wewe ubishi upo, lakini si pale unapodhani. Usiandike kwamba hukuwa na kesi, wala kwamba hundi ile haikuwa kosa. Sheria ya Florida kwa mawakala wa bima huangalia kama ulikiri au hukupinga shtaka, bila kujali kama jaji alitamka hatia. Wakili wako wa 2006 huenda alisema kweli kwa mambo mengine, ila kwa fomu ya bima maneno yale hayakutoshi. Mnachobishania ni kama ulitoa jibu hilo kwa kukusudia kudanganya. Hilo ni swali la ukweli kuhusu ulichojua na ulichokusudia, kwa hiyo liandike wazi hivyo katika ombi.

Katika ombi la kikao rasmi weka: jina la Idara na namba ya shauri, jina lako, anwani, barua pepe na simu, jinsi uamuzi unavyokugusa, lini na namna gani ulipokea barua, mambo ya ukweli unayoyapinga, kwa kurejelea aya za barua yao, ukweli kama unavyoudai wewe, vifungu vya sheria unavyovitegemea, na unachotaka kifanyike. Barua ya "naomba mnifikirie tena" isiyo na mambo hayo inaweza kutupwa, na kama siku 21 zimekaribia kuisha hutapata nafasi kubwa ya kuirekebisha.

Upande wa ushahidi, nenda kwa karani wa mahakama ya kaunti kesi ilikosikilizwa uchukue nakala zilizothibitishwa za hati ya mashtaka, ya uamuzi, na ya kumaliza adhabu. Hakikisha faini, gharama za mahakama na fidia vyote vimelipwa. Deni dogo lililosahaulika huweza kukuzuia lenyewe. Kisha wapo watu wanaoleta rundo la barua za sifa kutoka kwa waajiri na viongozi wa dini wakidhani zimemaliza kazi. Katika kikao rasmi, maneno ya mtu asiyekuwepo yanaweza kuongezea nguvu ushahidi mwingine, lakini kwa kawaida hayawezi peke yake kuthibitisha jambo. Mwajiri mmoja aliyekaa kwenye kiti cha shahidi na kuulizwa maswali ana uzito kuliko barua kumi. Kumbuka pia kwamba kama mwombaji wa leseni, mzigo wa kuonyesha kuwa unastahili uko kwako.

Jaji wa DOAH hatoi leseni. Anaandika pendekezo, pande zote zina siku 15 za kupeleka pingamizi, kisha Idara inatoa amri ya mwisho. Usikate tamaa kwa kuona uamuzi umerudi kwa Idara: haiwezi kubadili matokeo ya ukweli aliyoyakuta jaji kwa kutoyapenda tu, mpaka ionyeshe kwamba hayana ushahidi wa kutosha nyuma yake. Amri hiyo ndiyo unayoweza kuikatia rufaa katika Mahakama ya Rufaa ya Wilaya, ndani ya siku 30 tangu itolewe. Mahakama hiyo haisikilizi mashahidi upya. Inasoma kumbukumbu za kikao, kwa hiyo ambacho hukukiweka mezani kwenye kikao hakitaonekana huko juu.

Kwa wanaosoma wakiwa majimbo mengine: bima Marekani husimamiwa na jimbo, na siku hazilingani. Ohio hutoa siku 15 tu za kupeleka rufaa mahakamani dhidi ya amri ya mwisho. New York hutoa miezi 4 kwa njia ya Article 78, yaani shauri la mahakamani la kupinga uamuzi wa idara. Fuata tarehe za barua yako, si za rafiki yako wa jimbo la jirani.

SWALI: Ofisa wa idara amenidokeza kwamba ombi langu litakataliwa. Si afadhali niliondoe, kisha niombe jimbo jingine ambako hawanijui?
*Msomaji, Georgia*

JIBU: Watakujua. Fomu ya pamoja ya maombi inayotumika katika majimbo mengi ina swali kuhusu mashauri ya utawala, na maelezo yake yanasema wazi kwamba kuondoa ombi ili kuepuka kunyimwa ni sehemu ya mambo ya kutajwa. Ukijibu "hapana", umejitengenezea kosa la pili, tena zito kuliko la kwanza. Kuondoa ombi kuna maana pale ambapo tatizo linarekebishika, kwa mfano kodi ya jimbo ambayo haijalipwa: lipa, pata risiti, omba tena, na uambatanishe maelezo.

SWALI: Nilishinda rufaa ya leseni ya jimbo. Nina kosa kubwa la wizi wa fedha za mwajiri. Naweza kuanza kazi Jumatatu?
*Msomaji asiyetaka kutajwa*

JIBU: Bado. Sheria ya shirikisho, kifungu cha 1033 cha jalada la 18, inamkataza mtu aliyetiwa hatiani kwa kosa kubwa la udanganyifu au uvunjaji wa uaminifu kufanya biashara ya bima bila kibali cha maandishi cha msimamizi wa bima, kibali kinachotaja sheria hiyo mahususi. Ukikiuka, adhabu inafika kifungo cha miaka 5, na mtu wa biashara ya bima anayekuruhusu kwa makusudi naye ana kosa. Soma amri uliyoshinda: kama haitaji kifungu cha 1033, omba kibali hicho kwa maandishi, na usiuze hata sera moja ya bima kabla hujakipata.