CV ya kazi usiyoruhusiwa kuisimulia

Mwanangu Zuhura,

Swali lako nimelipata: uandike nini kwenye CV, ilhali familia uliyoilinda miaka mitatu imekufunga mdomo kwa mkataba wa siri? Andika kazi, usiandike watu. Anayetafuta bodigadi huisoma karatasi yako huku akijiuliza, "Huyu akitoka kwangu, ataniandika vipi?" Ukimtaja bosi wa jana ili umvutie wa kesho, wa kesho ameshakukataa.

Basi mstari wa uzoefu uwe hivi: "Mlinzi wa karibu, mteja binafsi na familia, Pwani ya Kenya, 2021–2024." Chini yake weka vipimo: mlilinda watu wangapi, mlikuwa walinzi wangapi, zamu saa ngapi, ulishika usukani au ulikaa kando ya dereva, hoteli nani aliikagua kabla wageni hawajafika. Shule ya watoto, mtaa na aina ya gari visionekane popote. Lakini usome mkataba kwanza. Mingine inakataza hata kusema uliwahi kuajiriwa. Ukiwa hivyo, omba ruhusa kwa maandishi, au utaje tu kampuni iliyokupeleka, kama mkataba unaruhusu hilo.

Kurasa mbili zinatosha. Juu kabisa weka jina, simu, mji, lugha na daraja la leseni yako ya udereva. Kiarabu chako kiweke mstari wa kwanza, kwa kiwango chake cha kweli, maana akina mama wa nchi za Ghuba wakisafiri hutaka mlinzi mwanamke wanayeelewana naye. Nambari ya kitambulisho na anwani ya nyumbani usiweke. Hizo atapewa mwajiri ukishaitwa. CV huzunguka kwenye simu za watu usiowajua.

Kwenye mafunzo, tanguliza huduma ya kwanza, karate ifuate. Mlindwa ana nafasi kubwa zaidi ya kupaliwa na chakula, kuzimia au kupata ajali barabarani kuliko kuvamiwa. Andika nani alikufundisha, siku ngapi, na cheti kinaisha lini. Kilichoisha kiandike kimeisha, au ukakifanye upya kwanza.

Cheti cha tabia njema cha polisi unakiomba eCitizen, tovuti ya huduma za serikali ya Kenya, kwa shilingi 1,050, kisha unakwenda kuchukuliwa alama za vidole. Fomu ya alama hizo, C24, ichapishwe pande mbili za karatasi moja. Wanaokwenda na karatasi mbili hurudishwa. Usikikimbilie mapema mno, kwa kuwa waajiri wengi hawakitaki kikishapita mwaka. Usajili wako chini ya Sheria ya Udhibiti wa Ulinzi Binafsi ya 2016 nao uutaje kwa nambari yake.

Faili la kazi, yaani mkusanyo wa kazi zako unaofuatana na CV, ndilo litakalokutofautisha, na wengi hapo ndipo wanapoharibu. Hulijaza picha: miwani myeusi, bunduki ya kuazima, kando ya mwanamuziki. Picha na mlindwa ni siri iliyovuja. Picha na bunduki itakuletea swali la kibali kabla hujaulizwa jina, na hapa kwetu bodigadi wa kampuni kwa kawaida habebi silaha. Weka picha moja ya pasipoti, basi.

Mahali pa picha weka mpango wa safari ulioutunga mwenyewe, wa mgeni wa kubuni, kurasa tatu au nne. Chukua njia unayoijua: uwanja wa ndege wa Moi, Mombasa, hadi hoteli ya Nyali. Onyesha kwamba njia ya kawaida huingia kisiwani kupitia Makupa na kutokea daraja la Nyali, na kwamba barabara ya Dongo Kundu haikusaidii kwa kuwa inakupeleka Kwale. Ipite njia hiyo saa moja asubuhi, saa saba mchana na saa kumi na moja jioni, uandike dakika ulizotumia kila mara. Taja mahali gari linaweza kubanwa lisigeuke, hospitali ya karibu kwa kila kipande cha njia, na lango lipi la dharura liko wazi usiku. Kisha useme utafanya nini daraja likifungwa. Usithubutu kuubadilisha majina mpango halisi wa bosi wako ukaufanya huo. Anayejua kazi ataunusa.

Baada ya mpango ndipo nakala za vyeti, zilizoskaniwa zikasomeka, zote kwenye PDF moja isiyozidi kurasa 12. Jina la faili liwe jina lako na mwaka. Ukiipiga picha ya cheti kwa simu, zima kwanza mahali ulipo kwenye mipangilio ya kamera, la sivyo picha itabeba ramani ya nyumba yako.

Ukiomba Dubai, watakuuliza kibali cha SIRA, mamlaka ya huko inayosimamia ulinzi. Uingereza, leseni ya ulinzi wa karibu ya SIA, mamlaka yao ya ulinzi binafsi. Usajili wa Kenya hauchukui nafasi ya hizo, kwa hiyo usiandike "nina leseni ya kimataifa". Haipo.

Wadhamini wawili, uwapigie kabla ya kuwataja. Kisha nitumie rasimu, nami nitaanza kuisomea kwenye ule mstari wa mteja binafsi.

Babako