Kwa nini 450 inaizidi 1200?

Swali: Faili yangu ya XSLT 2.0 (lugha ya kubadilisha data za XML) inalinganisha bei za samaki. Ngege ni 450, mbuta 1200, lakini inasema ngege ndiye ghali zaidi. Nimekosea wapi? – Msomaji, Kisumu

Jibu: Hujatangaza aina ya data, kwa hiyo bei zinalinganishwa kama maandishi: herufi ya kwanza ya 450, yaani 4, huja baada ya 1 ya 1200, basi 450 huonekana kubwa. Iambie kuwa ni namba, yaani xs:decimal. Andika:

<xsl:variable name="ngege" as="xs:decimal" select="ngege/bei"/>

Mbuta vivyo hivyo, na xsl:param (thamani inayopokelewa kutoka nje) pia. Juu kabisa, ndani ya tagi ya xsl:stylesheet, weka xmlns:xs="http://www.w3.org/2001/XMLSchema", la sivyo xs haitatambulika.

Bei ikiweza kukosekana, tumia xs:decimal? yenye alama ya kuuliza. Lakini tagi iliyopo ikiwa tupu bado italeta hitilafu. Na kama muuzaji kaandika 1,200, koma hiyo itakusumbua; iondoe kwa kuandika ndani ya select: xs:decimal(translate(ngege/bei, ',', '')). Usiiache translate peke yake. Inarudisha maandishi, na as="xs:decimal" itayakataa.