Feni ya AC inalia kama panzi: nibadilishe kompresa?

SWALI: Fundi, habari za kazi. Nina Corolla 110 ya mwaka 1998, naishi Kibaigwa na karibu kila wiki nakuja Dodoma mjini. Tangu mwezi wa sita feni ya ndani inalia. Asubuhi inapiga kelele kama panzi, baada ya dakika chache inanyamaza. Ila nikiiweka namba 4 kuna kitu kinagonga-gonga na dashibodi inatetemeka mpaka mama watoto anauliza kama gari litafika. Fundi mmoja kaniambia kompresa ya AC imekufa, ninunue nyingine. Mfuko wenyewe umetoboka. Nifanyeje?

JIBU: Salama kaka. Hiyo hela ya kompresa usiitoe kwanza.

Kompresa iko kwenye injini na inazungushwa na mkanda. Sasa fanya hivi: washa swichi mpaka taa za dashibodi ziwake, lakini injini usiipige stata. Funga vioo, zima redio, kisha peleka feni namba 1, 2, 3, 4, taratibu. Injini imelala, mkanda hauzunguki, kwa hiyo kompresa haina namna ya kulia. Ukiisikia kelele ileile, na inapanda kila unapoongeza namba, mgonjwa ni mota ya feni, ile tunayoiita bloa. Ikiwa kimya kabisa, halafu kelele ikaja tu ukiwasha injini na kubonyeza AC, hapo ndipo tutazungumza habari za kompresa, mkanda na pule, yaani gurudumu linalopitiwa na mkanda.

Kwa maelezo yako naona magonjwa mawili ndani ya mota moja. Mlio wa panzi ni bushi kavu. Mhimili wa mota unazunguka ndani ya bushi ndogo za shaba zilizonyweshwa oili kiwandani, na kwa gari la umri huo oili imeshaisha, vumbi limechukua nafasi yake. Baridi ya Juni na Julai huku kwetu inakaza kila kitu, ndiyo maana inalia asubuhi na kutulia ikipata joto. Kule kugonga ni jambo jingine: kuna takataka ndani, au feni imepoteza mizani.

Takataka zinaingiaje? Chini ya kioo cha mbele, pale waipa zinapokaa, kuna matundu ya kuvuta hewa ya nje. Dodoma miti ya kivuli ni miarobaini. Ukiegesha chini yake, vijani vyake vyembamba vinashuka humo mpaka kwenye feni, na upepo wa kiangazi unaongeza vumbi jekundu juu yake. Mwaka jana nilifungua gari la mkulima mmoja, nikakuta panya kahamia: maganda ya alizeti yamejaa feni nzima, na katikati kipande cha sponji alichokitafuna kwenye kiti. Mwenye gari alikuwa ameshabadilishiwa fyuzi mara tatu.

Kufungua si kazi kubwa. Chomoa kwanza waya wa hasi wa betri, usubiri dakika chache, kwa sababu upande huo wa abiria huenda kuna eabegi, ule mfuko wa hewa unaofumuka gari likigonga; ukiona plagi ya rangi ya njano, usiiguse. Toa kidroo cha mbele ya abiria. Chungulia chini kushoto utaona mota ya mviringo, imeshikwa na skrubu, kwa kawaida tatu, na plagi moja ya umeme. Kuna pia kimpira kidogo cha kupitisha hewa ya kupoza mota. Wengi wanakisahau wakati wa kurudisha, na mota inaungua polepole.

Ikishuka, utaona kitu kisichofanana na pangaboi la nyumbani. Ni kama tenga dogo la plastiki lenye mapezi mengi membamba. Vaa barakoa, hasa ukiona mavi ya panya, na usipulizie upepo wa mashine ya kujazia tairi ukiwa ndani ya gari. Safisha kila pezi kwa mswaki mkavu. Ukikuta kichuma kidogo kimebanwa kwenye pezi, kiache hapohapo! Hicho ni kama risasi ya kubalansia tairi, na ukikitoa mtetemeko utazidi. Pezi likiwa limevunjika, hakuna cha kusafisha, feni inabadilishwa.

Kisha shika feni uitikise kulia na kushoto. Ikicheza sana, bushi imelika na oili haitakusaidia. Ikiwa haichezi ila inazunguka kwa uzito, weka matone mawili ya oili ya cherehani pale mhimili unapoingia kwenye mota, zungusha kwa mkono, futa inayobaki. Matone mawili tu. Ikifika kwenye kaboni, vile vipande vinavyopeleka umeme ndani ya mota, utakuwa umehamisha tatizo. Grisi hapana, mafuta ya kula hapana, na yale ya kupuliza ya kulegeza nati yanaosha hata kile kidogo kilichobaki. Nikuambie ukweli: dawa hii inakupa muda wa kutafuta hela. Panzi atarudi.

Tazama pia plagi. Mota nzito inavuta umeme mwingi, na plastiki ya plagi inaanza kuwa kahawia au kuyeyuka. Ukikuta hivyo, badilisha plagi pamoja na mota, la sivyo mota mpya itakuja kuungulia palepale.

Ukiamua kununua, mota iliyotumika inafaa, ila beba ya zamani uilinganishe: matundu ya skrubu, plagi, na upande inaozunguka. Usilipe kabla ya kuijaribu kwenye betri ya volti 12, na uishike kwa nguvu maana inaruka ikianza. Ukigeuza waya itazunguka kinyume na upepo utakuwa hafifu, kwa hiyo usiikatae kabla hujaangalia hilo.

Ukirudisha, nenda dukani ukanunue wavu wa chuma wenye matundu ya kupitisha punje ya mtama, uubane chini ya yale matundu ya waipa. Wa mbu usiuweke, kwa vumbi la barabara yako utaziba kabla mwezi haujaisha.