Karama anasema au alisema?

SWALI: Mwalimu, insha yangu kuhusu Kusadikika, riwaya ya Shaaban Robert, imerudi na wino mwekundu kila nilipoandika "Karama alisema". Kitabu kilitoka 1951 na mwandishi ameshafariki. Kosa langu ni nini?

JIBU: Mwanangu, mwaka uliotaja ni wa kitabu, si wa Karama. Ukikifungua leo usiku, utamkuta amesimama barazani akijitetea mbele ya mfalme. Nikikifungua kesho, nami nitamkuta palepale. Ndiyo maana tunaandika "Karama anajitetea", "Majivuno anamshtaki". Nimesahihisha insha kwa miaka mingi, na bado hunifurahisha kuona mwanafunzi akimtendea mhusika kama mtu aliye hai.

Lakini usiitupe -li-. Shaaban Robert alizaliwa 1909, akafariki 1962: hayo ni maisha ya mtu, yamepita. Hata ndani ya hadithi, yaliyotangulia tukio unalolieleza yabaki nyuma: "Karama anasimulia jinsi wajumbe sita walivyotumwa." Hapo vitenzi viwili, nyakati mbili, na sentensi imetulia. Ukiandika "wanavyotumwa", msomaji atadhani wanaondoka wakati Karama anazungumza.

Hu- nayo ina kazi yake. Itumie kwa mazoea: "Mwandishi huwapa wahusika majina yanayobeba tabia zao." Kwa tendo moja mahali pamoja, -na- inatosha.

Rudia aya ya kwanza tu, kitenzi kwa kitenzi, kisha umwonyeshe mwalimu wako.