Mabinti watatu na baba wa aina tatu

SWALI

Shangazi, shikamoo. Sisi ni mabinti watatu wa baba mmoja na mama mmoja, wakazi wa Tanga. Baba yetu alifariki dunia mwaka jana akiwa na umri wa miaka 83. Alifanya kazi ya reli tangu mwaka 1969 hadi alipostaafu mwaka 1996 akiwa stesheni masta. Siku ya hitima ya mwaka tumekusudia kugawa kijitabu kidogo cha kumbukumbu zake, lakini tumekwama kwenye ukurasa wa kwanza. Mimi, kifungua mimba niliyezaliwa mwaka 1971, namkumbuka baba mkali aliyepima sukari kwa kijiko na kuifungia ndani ya sanduku la bati chini ya kitanda. Mdogo wangu wa mwaka 1979 anamkumbuka baba mkimya, aliyemaliza jioni nzima mbele ya redio bila kutamka neno. Kitinda mimba wetu, aliyezaliwa mwaka 1990, anamkumbuka mzee mcheshi aliyewanunulia watoto wa mtaa kashata kila Ijumaa. Kila mmoja anaona wenzake wanamsingizia baba. Baba mdogo naye ametukataza kuandika habari za ukali, kwa kuwa marehemu hutajwa kwa mema yake. Tumwandike baba yupi? Lile sanduku bado lipo, limefungwa, na ufunguo wake hatujauona.

Mabinti wa stesheni masta, Tanga

JIBU

Marahaba, wanangu, na poleni sana, ingawa nahofu kwamba mkubwa wenu amenikaribia kwa umri na shikamoo yake nimeipokea kwa haya kidogo.

Barua yenu nimeisoma mara mbili, na mara ya pili nilichukua kalamu nikaandika miaka pembeni. Nawashauri mfanye hivyo kabla ya jambo lingine lolote. Mkubwa alikuwa na umri wa miaka sita Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, na shirika la reli lililomwajiri baba yenu likagawanywa pamoja nayo. Mwaka uliofuata vikaanza vita vya Kagera. Walioishi miaka ile hawahitaji kusimuliwa: foleni za sabuni, unga wa yanga, mafuta ya kula ya kugawiwa, na sukari iliyokuwa ikitafutwa kama dawa. Kisha ikaja 1983, mwaka wa msako wa wahujumu uchumi, ambapo watu walimwaga bidhaa usiku ili zisikutwe majumbani mwao. Sasa mfikirieni stesheni masta katika mwaka huo. Mabehewa ya mizigo yanapita mbele ya macho yake, magunia yanapakiwa na kupakuliwa kwa saini yake, na nyumbani ana binti wa miaka 12 anayetaka kijiko cha pili cha sukari kwenye uji. Siwezi kumsemea marehemu, lakini sishangai kwamba mtu wa namna hiyo aliihesabu sukari yake na kuitia kufuli. Ukali alioukumbuka mkubwa wenu yawezekana ulikuwa hofu, na pengine uaminifu, na mtoto wa miaka 12 hakuwa na njia ya kuutambua.

Wa kati alipata akili za kumtazama baba yake mwishoni mwa miaka ya 1980 na mwanzoni mwa miaka ya 1990, wakati maduka yalikuwa yamekwisha kujaa tena lakini abiria wakizidi kuhamia kwenye mabasi. Ukimya wa mtu anayesubiri gari moshi lisilofika kwa saa yake ni habari inayostahili kurasa zake mwenyewe. Muulizeni mama yenu, na mwulizeni mzee yeyote aliyefanya kazi naye ambaye bado yupo, baba alikuwa akirudi saa ngapi na akisema nini akivua kofia yake ya kazi. Wazee hao waulizeni mwezi huu, msingoje hitima. Kitinda mimba, kwa upande wake, alikuwa na miaka sita tu baba alipostaafu. Aliyempata yeye ni mzee aliyekwisha kabidhi funguo za stesheni, na ambaye sukari, kwa mara ya kwanza, haikumtia wasiwasi. Kashata zile za Ijumaa zisingekuwa na uzito wowote kwa msomaji asiyejua habari za kijiko. Ndiyo maana sikubaliani na wazo la kumfuta baba mmoja ili kumwacha mwingine, wala la kuwachanganya wote watatu katika maneno ya jumla ya “mpole, mcheshi na mwenye upendo”, ambayo yangeweza kubandikwa kwenye picha ya marehemu yeyote. Kila mmoja aandike sehemu yake kwa jina lake, na juu ya kila sehemu iwekwe miaka inayohusika.

Kuhusu baba mdogo, msimpuuze, kwani analinda heshima ya kaka yake. Lakini kuna tofauti kati ya kufichua aibu na kueleza tabia. Deni, ugomvi wa ndoa au jambo lolote ambalo baba aliliweka siri, liacheni likae alikolizika mwenyewe. Ukali wa sukari si siri, wala si aibu.

Nitawapa mfano wa binti aliyewahi kufanya kazi hii. Salme binti Said, bintiye Seyyid Said wa Oman na Zanzibar, alikuwa na umri wa miaka 12 baba yake alipofia baharini mwaka 1856, akirejea Unguja kutoka Oman. Miaka 30 baadaye, akiwa mjane nchini Ujerumani kwa jina la Emily Ruete, alichapisha kumbukumbu zake. Mtawala ambaye vitabu vya historia humtaja kwa mikarafuu na mikataba, binti yake alimweka mbele yetu akitembea huku na huku kwenye jumba la Mtoni, kichwa kimeinama, akichechemea kidogo kwa sababu ya jeraha la vita la pajani. Sidhani kuna msomaji aliyemdharau Seyyid kwa kuchechemea kule. Mwonyesheni baba mdogo ukurasa wa sukari ukiwa umekamilika, pamoja na ule wa kashata, kisha mwombeni aandike maneno machache juu ya utoto wao wawili, kwa sababu huyo ni baba wa nne ambaye hakuna hata mmoja wenu aliyemwona.

Picha za zamani ziandikwe nyuma kwa penseli, si kwa kalamu ya wino, na nakala ziwekwe katika nyumba zote tatu.

Na lile sanduku, tafadhali msilivunje kufuli. Mama yenu aliishi na mtu huyo na sukari hiyo miaka yote, na katika barua yenu sikuona popote kwamba mmemuuliza yeye ufunguo uko wapi.